Mstari Unaopita Juu ya Lubudi: Kupanga Safari Ndefu kwa Ndege Ndogo

Mhadhara wa wazi uliotolewa Lubudi, mkoani Lualaba

 

Nimekuja kueleza namna safari ndefu ya ndege ndogo inavyopangwa na kuchorwa kwenye ramani kabla injini haijawashwa. Ningeweza kuyasema haya Lubumbashi au Kolwezi, kwenye viwanja vikubwa, lakini nimetaka kuyasemea hapa kwa sababu moja. Rubani aliye juu anategemea habari ambazo ninyi mlio chini ndio mnazo, na leo hii habari hizo hazimfikii. Mwishoni nitawaomba kazi, na itakuwa kazi ya kamba, jembe na daftari.

Mwalimu, nisaidie kubandika ramani ubaoni. Sasa tulaze rula kutoka uwanja wa ndege wa Kolwezi hadi Manono. Tazameni mstari unapopita. Unapita hapa hapa, juu ya mapaa yetu: kilomita kama 100 kutoka Kolwezi, na zimebaki 335 hivi kufika Manono. Kutoka Manono hadi Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika, ni 250 nyingine. Safari hiyo ya Kolwezi hadi Kalemie ndiyo mfano wetu wa leo. Ndege yetu iwe Cessna 206, yenye injini moja na viti sita. Ndege za namna hii ndizo zinazobeba wagonjwa, chanjo na waganga mahali ambapo barabara imekufa. Kanisa la Methodisti Muungano limeendesha huduma ya ndege ndogo Katanga ya Kaskazini kwa miaka mingi kwa jina la Wings of the Morning, na ziko familia katika jimbo hili zinazojua thamani yake. Tuipe ndege yetu mwendo wa kilomita 240 kwa saa, na matumizi ya lita 60 za petroli kwa saa. Tarakimu hizo mbili ziandikeni, tutazirudia.

Hoja ya kwanza. Safari ya angani hupangwa kuanzia ardhini.

Anayeanza kujifunza huchora mstari mnyoofu, akaupima, akafurahi. Mwenye uzoefu huanza na swali jingine: injini ikizima hapa, nitatua wapi? Akimaliza kulijibu kwa kila kipande cha njia, mstari wake umeshapinda mara mbili tatu, na ndivyo inavyotakiwa.

Historia ya nchi yetu inalionyesha jambo hili wazi. Mwaka 1920, njia ya kwanza ya ndege Kongo ilipoanzishwa kwa jina la Mfalme Albert, walitumia ndege za kutua majini, wakafuata mto kutoka Kinshasa kuelekea Kisangani. Viwanja havikuwepo, mto ulikuwa ramani na uwanja kwa pamoja. Miaka mitano baadaye Mbelgiji Edmond Thieffry na wenzake wawili waliondoka Brussels Februari 12, 1925, wakafika Léopoldville, Kinshasa ya leo, Aprili 3. Siku 51. Katika siku hizo zote, muda waliokuwa angani ni saa 75 na dakika 25 tu. Muda mwingine wote ulikwenda chini, kwenye matengenezo na kungoja. Anayepanga safari ndefu apange kwanza siku za chini, maana ndizo zitakazokuwa nyingi.

Na hapa jirani, ng'ambo ya mpaka, Ndola, Waingereza walipokuwa wakitengeneza njia ya ndege ya kutoka Cairo hadi Rasi, yaani Cape Town, watu 700 walifanya kazi kuanzia Aprili hadi Agosti 1919, wakang'oa vichuguu vyenye uzito wa tani 25,000 hivi ili kupata uwanja mmoja. Mafundi wa saruji, nyinyi mnajua tani 25,000 ni mlima wa namna gani. Vichuguu vya Ndola ni ndugu wa vichuguu vyetu. Kila uwanja mdogo mnaouona Katanga umewahi kulipiwa jasho la namna hiyo, na ukiachwa misimu michache, mchwa huurudisha mikononi mwao.

Turudi kwenye rula. Mstari wetu mnyoofu, ukishapita Lubudi, unaiacha nyanda ya juu na kuingia bondeni. Chini yako kuna matope na mafunjo ya Upemba, na upande wa kulia inasimama milima ya Kibara, ndani ya Mbuga ya Taifa ya Upemba iliyoanzishwa mwaka 1939. Ni nchi nzuri mno kuitazama. Lakini injini ikikuzimia pale, mbele yako una maji, mafunjo au mawe. Kwa hiyo tunaupinda mstari. Kutoka Lubudi tunafuata reli kilomita 85 hadi Bukama, ambako reli ilifika mwaka 1918. Kutoka Bukama tunakwenda Malemba-Nkulu kwenye Lualaba, kilomita 165 au zaidi kidogo, kisha Manono, 105. Jumlisheni. Tumeongeza kilomita 20 tu juu ya ule mstari mnyoofu, yaani dakika tano. Matope bado tunayavuka, lakini sasa kila kipande kinaanzia na kuishia penye watu, mto na njia ya kufika. Tena tukiwa Bukama, kambi ya ndege ya Kamina, iliyoanza kujengwa na Wabelgiji mwaka 1949, iko kilomita 90 hivi kaskazini-magharibi. Ni kambi ya jeshi, na ruhusa yake huombwa mapema, si ukiwa tayari na shida. Lakini inaandikwa kwenye karatasi kama mahali pa kukimbilia. Dakika tano kwa hayo yote ni bei rahisi.

Kijana mmoja ameniuliza mlangoni: ukishafika Kalemie, si unavuka tu ziwa hadi Kigoma? Swali zuri, na jibu lake ni hesabu. Ndege kama hii ikizima injini huteleza mbele mara nane au tisa ya kimo chake. Ukiwa mita 2,000 juu ya maji, utafika kilomita 16 hadi 18, basi. Ziwa lina upana wa kilomita 50 hivi kwa wastani. Ukihesabu kuteleza kurudi pwani ya Kongo au kusonga hadi pwani ya Tanzania, katikati kinabaki kipande cha kilomita kama 15 ambacho hufiki popote. Ni dakika nne. Na anayekata mshazari moja kwa moja hadi Kigoma, kilomita 130 hivi, anajiongezea dakika hizo mara nyingi. Mwenye busara hupanda juu zaidi kabla ya kuiacha pwani, huvuka penye wembamba, na abiria wake wote huwa wameshavaa makoti ya kuelea, si kuyakalia.

Hoja ya pili ni mafuta, na hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu safari nyingi za nchi hii zinakufa hapa.

Kolwezi hadi Kalemie kwa njia yetu iliyopinda ni kilomita 705. Kwa mwendo wa 240 ni saa tatu kasoro dakika nne. Kwa lita 60 kila saa, tunahitaji lita 176. Matangi yetu yanachukua kama 330 zinazotumika. Vijana nawaona mnatabasamu: mafuta yanatosha na kubaki. Ndiyo, kwenda yanatosha. Sasa hesabuni kurudi. 176 mara mbili ni 352. Hata tukiwa na hewa tulivu, bila wingu la kuzunguka, tunaishiwa kabla ya kuiona Kolwezi. Na hatujaweka akiba ya dakika 45, ambayo ni lita 45, wala mafuta ya kwenda uwanja mwingine ikiwa wa kwanza umefungwa na mvua.

Mtasema tutanunua Kalemie. Injini ya Cessna 206 ya kawaida inakunywa petroli ya ndege, ile ya avgas. Viwanja vyetu, vikiwa na mafuta, aghalabu vina Jet A-1, mafuta ya ndege kubwa na za injini za tabo. Ukimimina Jet A-1 kwenye injini ya petroli, itazimika, na mara nyingi itangoja umeshapaa ndipo izime. Kwa hiyo anayepanga safari hii huanza wiki nyingi kabla. Anatafuta mapipa mawili ya lita 200, anayasafirisha kwa lori, treni au mtumbwi, anamtafuta mtu mwaminifu wa kuyafungia chumbani, anaandika tarehe iliyo kwenye kifuniko. Siku ya kuyatumia anayachuja, anatoa mafuta kidogo kwenye chupa nyeupe na kuyatazama juani, kama kuna maji chini. Nimewahi kuwaona watu wakipanga njia wiki nzima kwa kompyuta kibao nzuri sana, halafu wakakwama Manono kwa sababu hakuna aliyeuliza pipa liko kwa nani. Pipa ni sehemu ya ramani. Lichoreni.

Na mafuta ni mzigo. Lita 330 zina uzito wa kilo 238 hivi. Ukijaza matangi umemwacha mtu chini, pengine wawili. Huo ni uamuzi wa nyumbani, mezani, pamoja na daktari na familia ya mgonjwa. Ukiahirishwa hadi uwanjani, rubani ataamulia kwa haya na huruma, na mizani haijui huruma.

Upepo nao unakula mafuta kimya kimya. Wakati wa kiangazi pepo zetu hutoka zaidi kusini-mashariki. Sisi tunaoelekea kaskazini-mashariki zinatupiga ubavuni, upande wa kulia. Upepo wa kilomita 40 kwa saa, rubani akiusahau kwa saa moja tu, umemtupa kilomita 40 kando ya njia yake, juu ya nchi ambayo hakuichora. Ndiyo maana kila kipande cha safari kina mielekeo miwili kwenye karatasi: ule wa mstari, na ule wa pua ya ndege, ambao umeelekezwa kidogo upeponi.

Hoja ya tatu, kimo na joto, nitaipitia haraka, maana watu wa nyanda za juu mnaijua kwa miili yenu. Uwanja wa Kolwezi uko mita 1,526 juu ya bahari. Kwa kimo hicho, hewa ya kawaida ya vitabu ni nyuzi 5 za joto. Mchana wa Oktoba tunapata 30. Joto hilo linaifanya hewa kuwa nyepesi, na ndege inajiona iko mita 2,440. Injini isiyo na tabo inapoteza karibu robo ya nguvu zake, na uwanja uliotosha alfajiri hautoshi saa nane. Marubani wa Afrika Kusini, van Ryneveld na Brand, waliokuwa wakitoka Uingereza kwenda Rasi, waliondoka Bulawayo Machi 1920 kwenye nyanda ya juu kama hii yetu. Ndege yao ilishindwa kupanda ikaanguka, wakamalizia safari kwa ndege nyingine. Kwa hiyo tunaondoka alfajiri. Wakati wa masika kuna sababu ya pili: mawingu ya radi hujijenga kuanzia mchana, na ndege ndogo haina ubishi na wingu la radi.

Hoja ya nne: ramani ni lazima isomwe na kurekebishwa.

Kuna wanaosema GPS imemaliza mambo. Mimi natumia GPS na ninaishukuru. Lakini GPS inakupeleka ulikoiambia, si unakotaka. Vijana wa jiografia, mito mingapi inaitwa Lubudi? Miwili. Mmoja ni huu wetu unaoingia Lualaba, mwingine uko Kasai, unaingia Sankuru. Kilwa ziko mbili: moja kando ya Ziwa Mweru, nyingine pwani ya Tanzania. Ndolo ni uwanja wa Kinshasa, Ndola ni mji wa Zambia. Anayeandika jina bila kulinganisha latitudo na longitudo kwenye karatasi anaweza kuongozwa kwa usahihi mkubwa hadi mahali pengine kabisa.

Nitawaonyesha karatasi yenyewe. Ramani hii ni ya moja kwa 500,000, sentimita moja ni kilomita tano. Kwa mwendo wetu, kila dakika kumi ni kilomita 40, sawa na sentimita nane. Basi nimepiga alama ya penseli kila sentimita nane kwenye mstari, na pembeni ya kila alama nimeandika kitu nitakachokiona: reli, daraja, mkono wa mto, mji. Alama ikifika na kitu kisionekane, sisubiri alama ya tatu ndipo nishtuke. Na kuna kanuni nzuri ya kukumbuka: kosa la nyuzi moja linakutupa kilomita moja kando kwa kila kilomita 60. Kosa la nyuzi tano kutoka hapa hadi Manono, bila kurekebisha, ni kilomita 28. Manono hutaiona.

Lakini vitu tunavyoviandika pembeni navyo vinabadilika. Mashimo ya Kolwezi yanaonekana kutoka mbali sana, ni alama bora kuliko zote. Ila shimo la leo halimo kwenye ramani ya miaka ya hamsini, na kilima kilichomo kwenye ramani hiyo huenda kimeshasombwa na malori. Mwezi wa nane na wa tisa, moshi wa mioto ya nyika hufunika nchi nzima hadi mto wenyewe unauona tu ukiwa juu yake. Kwa hiyo alama zinazochaguliwa ni ndefu, kama reli na mto, ambazo lazima uzikate hata kama umepotea kidogo. Reli hii ya kwenu imewaokoa marubani wengi kuliko mnavyojua.

Hoja ya tano, na ya mwisho: njia ambayo rubani peke yake anaijua haijapangwa bado.

Usiku wa Septemba 17 kuamkia 18, 1961, ndege ya Umoja wa Mataifa aina ya DC-6 ilitoka Léopoldville ikimpeleka Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld kukutana na Tshombe, kiongozi wa Katanga, huko Ndola. Ilihofiwa ndege ya kivita ya Katanga, Fouga Magister, iliyokuwa ikiruka kutoka Kolwezi yetu hii. Kwa sababu hiyo karatasi ya safari iliandikwa kwenda Luluabourg, Kananga ya leo, na ndege ikazungukia mashariki, upande wa Ziwa Tanganyika, karibu safari nzima ikiwa kimya redioni. Ilifika juu ya Ndola, ikaanguka kilomita 15 hivi kutoka uwanjani. Mabaki yalipatikana saa kama 15 baadaye. Kati ya watu 16, mmoja tu alikutwa hai, naye akafariki baada ya siku chache. Chanzo bado kinachunguzwa; kwa miaka mingi Umoja wa Mataifa uliikabidhi kazi hiyo kwa Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania. Mimi sitatoa hukumu ambayo wachunguzi hawajaitoa. Walikuwa na sababu za vita za kuificha njia yao. Sisi hatuna. Sisi tunapaswa kuitangaza.

Karatasi ya safari hupelekwa kwa waongozaji wa ndege: njia, muda, mafuta, idadi ya watu, rangi ya ndege. Muda huandikwa kwa saa za dunia nzima, kwa kuwa Kinshasa wako saa moja nyuma yetu na Kigoma saa moja mbele. Dakika 30 baada ya muda uliotajwa kupita bila habari, watu wanaanza kuuliza. Lakini kati ya Kolwezi na Kalemie redio haisikiki kila mahali. Hapo ndipo ninapowahitaji ninyi. Mkuu wa stesheni ya Bukama, sista wa zahanati ya Malemba-Nkulu, mwalimu wa hapa Lubudi: kila mmoja akiwa na simu na karatasi yenye saa, anaweza kusema imepita, au haijapita. Eneo la kutafuta linaweza kupungua kutoka kilomita 700 hadi 100 hivi. Kwa aliyejeruhiwa porini, tofauti hiyo ni usiku mmoja au siku tatu.

Sasa ile kazi niliyowaahidi. Kandokando ya njia hii kuna viwanja vya zamani, vya misheni, vya makampuni na vya utawala. Vingine vinatumika, vingine vimekuwa mashamba ya mihogo. Napendekeza kila mahali pawe na kikundi kidogo: mwalimu, mwakilishi wa chifu, vijana wanne. Wachukue kamba ya mita 50 yenye mafundo, wapime urefu na upana. Waandike mteremko unaelekea wapi, udongo ni wa namna gani baada ya mvua ya siku mbili, vichuguu viko wapi, mbuzi hulala wapi, miti iliyo mwisho wa uwanja ina kimo gani, na nani ana ufunguo wa ghala. Juu kabisa waandike tarehe. Uwanja usio na tarehe hauna faida kwa rubani. Nakala moja ibaki shuleni, moja kwa msimamizi wa teritware, moja ipelekwe Kolwezi kwa mamlaka ya usafiri wa anga na wasimamizi wa viwanja, maana wao ndio wenye haki ya kusema uwanja upi unafaa kutuliwa.

Kama machifu wataridhia, tuanze hapa Lubudi mwezi wa tano, mvua zikishakatika na nyasi bado hazijachomwa. Mafundi wa saruji wameniambia wanaweza kutupatia chokaa ya kupaka mawe ya pembeni ya uwanja. Kufikia Agosti karatasi za Lubudi, Bukama na Malemba-Nkulu ziwe zimekutana mezani, tuone ni matundu gani yamebaki kwenye njia ya kwenda Manono. Kamba ninayo garini, mita 50, mafundo nimeshayafunga. Walimu wanaotaka kuijaribu wabaki baada ya maswali.